Masika yanakaribia: tayarisha bustani ya mboga katika nchi ya magadi

MVUA ya masika kwa kawaida huanza mwezi wa Machi na kuendelea hadi Mei. Katika miji ya Kitengela na Kajiado, na huko chini Magadi, hii ndiyo mvua ambayo mwenye ploti ndogo huitegemea akitaka kukuza mboga za nyumbani. Hata hivyo, wengi hushika jembe siku mvua inapoanza kunyesha. Wakati huo huwa wamechelewa. Udongo umegeuka matope, miche haipo, mbolea haijaiva, na maji yote ya paani yanakwenda zake barabarani.

Somo letu la juma hili linahusu kazi za bustani kabla ya masika na mwanzoni mwake. Tumelileta katika ukurasa wa afya kwa sababu bustani ya jikoni ni kinga ya magonjwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Kwa nyumba ya watu wazima watano, hizo ni kilo mbili kwa siku. Wakati wa kiangazi bei ya mboga hupanda, na jambo la kwanza kupunguzwa katika sahani ya mtoto huwa ni hizo mboga. Isitoshe, baadhi ya mboga zinazouzwa mijini hukuzwa kando ya mito na mifereji yenye maji machafu, na huwezi kuzitambua kwa kuzitazama. Anayelima mwenyewe anajua alinyunyizia maji gani.

Lakini kulima sehemu hizi kuna jambo lake la pekee, nalo ni chumvi. Jina lenyewe la Magadi ni jina la chumvi inayopatikana katika ziwa hilo, ambayo imechimbwa kibiashara tangu kampuni ya kwanza ilipoanzishwa mwaka wa 1911. Kutokana nayo hupatikana magadi-soda yanayotumiwa viwandani kutengenezea vioo na sabuni. Chumvi za jamii hiyo, kwa viwango vidogo, zimo pia katika udongo na maji ya visima vingi vya eneo hili. Na wengi wetu huziongeza wenyewe katika sufuria, tunapotia magadi ili mboga ziive upesi. Kwa hiyo, msomaji, anayetaka bustani yake ilete afya hapa hana budi kuangalia mambo matatu: ardhi, maji na sufuria.

Ijue ardhi yako

Udongo wa Kitengela na sehemu kubwa ya nyanda za Athi na Kapiti ni ule mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mtoto. Mvua ikinyesha huvimba, hunata, na maji husimama juu yake. Udongo huu una rutuba, lakini mizizi ya mboga hukosa hewa ndani yake ikilowa mno, na miche hugeuka manjano na kufa.

Fanya jaribio rahisi kabla ya mvua. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakishatoweka ulijaze tena. Ukikuta maji bado yamesimama siku ya pili, ardhi yako haipitishi maji vizuri. Hapo inakupasa kutengeneza matuta yaliyoinuka sentimita 20 hadi 30, yenye upana wa mita moja ili uweze kufika katikati bila kukanyaga. Kati ya tuta na tuta acha njia ambayo pia itakuwa mfereji wa kuondoa maji.

Wakati wa kulima udongo huu ni mfupi. Ukiwa mkavu ni jiwe, na ukiwa umelowa ni gundi. Ngoja manyunyu ya kwanza, kisha chukua konzi ya udongo uufinye. Ukishikana lakini ukavunjika ukiugusa kwa kidole, ndio wakati wake. Ukijiviringa kama unga wa chapati, ngoja siku mbili.

Kwa msomaji wa Magadi mambo ni kinyume. Mji huo uko bondeni, kimo chake ni takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Kitengela iko zaidi ya mita 1,500. Joto la Magadi hupita nyuzi 35 mara nyingi, na mvua ni chache. Huko usiinue tuta, kwani litakauka kwa siku moja. Chimba kitanda kilichozama sentimita 15 au 20 ili kila tone libaki hapo, na ukifunike kivuli cha wavu au matawi. Karibu na ziwa, ambako udongo wenyewe una chumvi nyingi, ni afadhali kupanda katika magunia, ndoo na karai kuukuu zenye matundu chini, ukitumia udongo ulioletwa kutoka mbali kidogo na kuchanganywa na mbolea.

Kuna kosa moja linalofanywa na wengi, hususan waliokulia sehemu za milimani zenye mvua nyingi. Wamezoea kumwaga majivu ya jikoni bustanini. Majivu hufaa ardhi yenye uchachu, kwa kuwa hupunguza uchachu huo. Udongo wa Kitengela na Kajiado aghalabu hauna uchachu. Mara nyingi tayari umeelekea upande wa magadi. Ukiongeza majivu, mimea hushindwa kufyonza madini ya chuma na zinki, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Vivyo hivyo, usimwage bustanini maji ya kufulia nguo. Sabuni nyingi za unga zina magadi-soda, na mwishowe udongo hufunga kama saruji.

Ukiweza, upime udongo mara moja ujue hali yake. Chota udongo wa kina cha sentimita 15 hadi 20 katika sehemu 10 au zaidi za ploti, uchanganye katika ndoo safi, kisha uchukue nusu kilo hivi na kuipeleka maabara. Maabara za shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, zilizoko Kabete, Nairobi, hufanya kazi hiyo. Afisa wa kilimo wa wadi yako anaweza kukuelekeza.

Maji: ya nani kwanza?

Wakazi wengi wa Kitengela na Kajiado hutumia maji ya visima vilivyochimbwa kwa mashine. Maji hayo yanaweza kuwa na mambo mawili ambayo ni lazima uyatenganishe akilini.

La kwanza ni chumvi. Hii utaionja mdomoni, au utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za majani zikiungua. Chumvi hudhuru mimea. Maharagwe, karoti na vitunguu huathirika upesi. Spinachi na viazisukari vyekundu huvumilia zaidi, na sukuma wiki iko katikati. Ikiwa maji yako yana chumvi, mwagilia kwenye shina wala si juu ya majani, na umwagilie kwa wingi mara chache badala ya kunyunyiza kidogo kila saa. Maji kidogo kidogo huacha chumvi juu ya ardhi, hali maji mengi huisukuma chini ya mizizi. Mvua ya masika nayo itakusaidia kuiosha ardhi, mradi maji yawe na njia ya kutokea.

La pili ni floraidi. Haina rangi, haina harufu wala ladha. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye floraidi nyingi katika maji ya ardhini. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyopita kiwango hicho katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hadi kama miaka 8, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa kupiga mswaki. Maji yenye floraidi nyingi zaidi, yakinywewa kwa miaka mingi, huweza kuharibu mifupa na viungo.

Wengi hudhani kuwa kuchemsha kutaondoa floraidi. Sivyo. Kuchemsha huua viini vya magonjwa, lakini floraidi hubaki, na maji yanapopungua kwa mvuke inakuwa nzito zaidi. Huondolewa kwa vichujio maalumu, kama vile vya mkaa wa mifupa, ambavyo vimetumiwa kwa miaka mingi katika sehemu za Nakuru.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya bustani, kabla hata ya kununua mbegu, ni kutengeneza mabomba ya paa lako. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa la mabati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 lina mita 80 za mraba. Mvua moja ya milimita 20 italiletea lita 1,600. Hata ukipoteza sehemu moja kwa tano, utabaki na lita 1,280, yaani zaidi ya mitungi 60 ya lita 20.

Maji haya ya mvua karibu hayana chumvi wala floraidi. Kwa hiyo, ukiwa na tangi moja tu, mpango wa busara ni huu: maji ya mvua ni ya watoto kwanza, kwa kunywa na kupikia, na bustani ipewe maji ya kisima. Mboga nyingi hazifyonzi floraidi nyingi kupitia mizizi, kwa hiyo hatari kubwa iko katika kikombe na sufuria, haiko katika tuta. Ikiwa tangi litajaa na kufurika, ndipo bustani ipate ziada. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite, kwa kuwa huosha vumbi na mavi ya ndege. Maji ya kunywa bado yachemshwe au kutiwa dawa ya klorini. Tangi lifunikwe, na kila mdomo uwekwe wavu mwembamba ili mbu wasipate mahali pa kuzaliana.

Kazi kwa utaratibu wa majuma

Juma la kwanza na la pili la Februari. Panga mahali. Bustani ipate jua angalau saa sita kwa siku, iwe karibu na jikoni, na iwe upande wa juu wa choo na shimo la maji machafu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalituonyesha jinsi uchafu wa vyoo unavyosambaa maji yanapopanda. Zungushia ua. Katika nchi ya wafugaji mbuzi mmoja humaliza kazi ya miezi miwili kwa dakika kumi.

Wakati huo huo leta mbolea. Hapa wakazi wa Kajiado wana bahati, kwani samadi ya mbuzi na ng'ombe katika maboma ni nyingi kuliko kwingineko. Lakini samadi mbichi usiitie bustanini. Ina viini vya kuharisha, mayai ya minyoo na chumvi ya mikojo. Chukua ile ya chini kabisa ya boma, iliyokaa miezi na kunyeshewa, yenye harufu ya udongo. Kama ni mbichi, irundike, uichanganye na majani makavu, uimwagilie kidogo na kuigeuza kila baada ya majuma mawili. Itahitaji miezi mitatu au minne, hivyo rundo unaloanza leo ni la mvua ya vuli ya Oktoba.

Juma la tatu la Februari. Tengeneza kitalu. Sukuma wiki, spinachi, nyanya na managu huanzia hapo. Nunua mbegu zilizothibitishwa, zenye lebo na tarehe. Panda katika mistari yenye kina cha sentimita moja, funika kwa nyasi kavu hadi zichipue, kisha uondoe nyasi na kuweka kivuli chepesi. Miche huwa tayari baada ya majuma manne hadi sita, ndipo mvua inapokukuta umejiandaa.

Machi, manyunyu ya kwanza. Inua matuta, changanya karai moja au mbili za mbolea iliyoiva katika kila mita ya mraba. Panda moja kwa moja kunde na mchicha, au terere kama wengi wanavyouita. Panda marando ya viazi vitamu yenye urefu wa sentimita 30, theluthi mbili zikiwa ardhini.

Mwisho wa Machi na Aprili. Pandikiza miche jioni au siku ya mawingu. Sukuma wiki ziachane sentimita 45 hadi 60, spinachi sentimita 30. Mara tu miche ikishika, tandaza nyasi kavu kati ya mistari kwa unene wa vidole vitatu. Matandazo huzuia udongo mweusi kupasuka, hupunguza magugu na hutunza unyevu. Yaache mbali kidogo na shina ili konokono na sota wasijifiche hapo.

Mei. Mvua inakaribia kwisha, lakini kazi haijakwisha. Palilia, ongeza matandazo, na upande awamu ya pili ya kunde na mchicha wakati ardhi bado ina unyevu. Nyumba inayopanda kila kitu siku moja hula mboga kwa mwezi mmoja, kisha hurudi sokoni.

Panda nini?

Usitosheke na sukuma wiki peke yake. Mboga za kienyeji, kama vile kunde, managu, saga na terere, zina madini na vitamini kwa wingi, na baadhi yake huvumilia ukame kuliko mboga zilizoletwa kutoka ng'ambo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, Juja, ametumia miaka mingi kuzitafiti na kuzitetea mboga hizi, ambazo kwa muda mrefu zilidharauliwa kuwa magugu au chakula cha maskini.

Viazi vitamu vya rangi ya machungwa navyo vipewe nafasi. Rangi hiyo ndiyo dalili ya kile kinachogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, ambayo hulinda macho ya mtoto na kumpa nguvu za kupambana na maambukizi. Kiazi kimoja kidogo cha gramu 125 chaweza kumtosheleza mtoto mdogo kwa siku nzima. Mwaka wa 2016, mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani, yeye na wenzake wawili kwa kazi ya kuvikuza viazi hivyo. Kwa Magadi, ongeza mlonge, ambao hustahimili joto na ambao majani yake huliwa kama mboga.

Wewe uliyepanga nyumba usikate tamaa. Gunia moja linatosha kuanza. Simamisha kopo lisilo na sehemu ya chini katikati ya gunia, lijaze kokoto, weka udongo na mbolea pembeni, kisha uvute kopo juu na kurudia mpaka gunia lijae. Nguzo ya kokoto hupitisha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni na upandikize miche humo na juu. Njia hii ilienea sana Kibera baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008, na nyumba nyingi zilipata mboga mahali ambapo hapakuwa na hata hatua moja ya shamba.

Jikinge unapofanya kazi

Udongo na samadi hubeba viini vya pepopunda, ambavyo huingia mwilini kupitia jeraha, hata la mwiba mdogo. Vaa viatu vilivyofunika mguu. Ukijikata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, na uende kituo cha afya ikiwa hukumbuki ulichanjwa lini. Viatu pia humkinga mtoto na minyoo ya safura inayopenya ngozi ya mguu na kumnyonya damu.

Nyoka ni hatari ya kweli katika nyanda hizi. Moma hulala kimya katika nyasi na matandazo, na swila hupenda marundo ya mawe na mbao. Ondoa marundo hayo kwa fimbo ndefu wala si kwa mkono, na usichume mboga gizani bila taa. Mtu akiumwa, mtulize, mvue pete na bangili, usiruhusu kiungo kilichoumwa kutikisika, na umkimbize hospitali. Usikate jeraha, usifyonze sumu kwa mdomo, wala usikaze kamba. Kukaza kamba kumewagharimu watu miguu yao. Ukitemewa sumu machoni, osha macho kwa maji safi mengi papo hapo kwa dakika 15 au zaidi, kisha umwone daktari.

Wadudu na dawa

Bustani ya familia aghalabu haihitaji dawa kali. Kagua majani kila asubuhi, upande wa juu na wa chini. Viwavi waokote kwa mkono. Vidukari waoshe kwa maji yanayotoka kwa nguvu, au uwanyunyizie maji yenye sabuni kidogo ya kipande, kisha usuuze majani baadaye. Majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha husaidia kufukuza wadudu wengi. Usipande jamii moja ya mboga mahali pamoja msimu baada ya msimu.

Ikiwa huna budi kutumia dawa ya dukani, nunua iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, ikiwa katika chombo chake cha asili. Soma kwenye lebo idadi ya siku ambazo lazima zipite kabla ya kuchuma, na uziheshimu hata kama mboga zimependeza. Usikubali kupimiwa dawa katika chupa ya soda. Watoto huinywa wakidhani ni kinywaji. Mtoto akinywa dawa, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chombo chenyewe ili daktari ajue ni sumu gani.

Kutoka tuta hadi sufuria

Sasa tumefika mahali ambapo kazi yote ya miezi mitatu huweza kupotea kwa dakika tano. Wapishi wengi hutia magadi katika kunde, managu au githeri ili viive haraka, vilainike na mboga zibaki kijani. Ni kweli, huiva haraka. Lakini magadi huharibu vitamini C na vitamini B1, na kuongeza chumvi ya sodiamu ambayo haimfai mtu mwenye shinikizo la damu.

Isitoshe, magadi yanayochimbwa katika maziwa ya Bonde la Ufa huweza kuwa na floraidi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1997 kuhusu Tanzania ulihusisha matumizi ya magadi katika upishi na meno ya watoto kuwa na madoa, hata pale ambapo maji ya kunywa hayakuwa na floraidi nyingi. Yaani mzazi anaweza kuhangaika kutafuta maji mazuri, kisha akaitia floraidi katika sufuria kwa kijiko chake mwenyewe.

Njia nyingine zipo. Chuma kunde na managu zikiwa changa, nazo zitaiva bila msaada. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, umwage maji hayo, na upike kwa maji mapya. Uchungu wa managu hutulizwa kwa maziwa, krimu au njugu zilizosagwa, kama ilivyo desturi ya jamii nyingi nchini.

Osha majani mazima kabla ya kuyakata, wala si baada ya kukata, kwani vitamini huenda na maji. Pika kwa muda mfupi na maji machache. Tia mafuta kidogo, kwa sababu mwili huihitaji mafuta ili kuipata vitamini A. Kamulia ndimu au ongeza nyanya, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga. Chai, kwa upande mwingine, huzuia chuma hicho. Mama mjamzito na mtoto wasinywe chai pamoja na chakula, bali wangoje saa moja au mbili.

Mambo ya kukumbuka

1. Tengeneza mabomba ya paa na ufunike tangi kabla ya Machi. Maji ya mvua ni ya watoto kwanza.

2. Maji ya kisima yapimwe floraidi maabara. Kuchemsha hakuiondoi.

3. Inua matuta Kitengela na kwingineko penye udongo mweusi. Zamisha vitanda Magadi.

4. Usitie majivu wala maji ya sabuni katika ardhi iliyoelekea upande wa magadi.

5. Samadi ni lazima iive kabla ya kuingia bustanini.

6. Kitalu kianze Februari. Kunde na mchicha vipandwe kwa awamu.

7. Magadi yabaki nje ya sufuria ya mboga.

Msomaji, mvua ya eneo hili haiaminiki. Kati ya 2020 na 2022 misimu ya mvua ilipita mmoja baada ya mwingine bila mvua ya kutosha, na Kajiado ilipoteza mifugo mingi, kisha mafuriko yakafuata. Huwezi kuiamuru mvua inyeshe lini. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba itakapofika itakuta paa lina bomba, tuta limeinuliwa na miche inasubiri. Anza Jumamosi hii kwa kupanda ngazi na kukagua mabomba ya paa.